MKOBA WA LENZI NI CHOMBO CHA KAZI

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa humu kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu wasiweze kufika.)



Kamati ilituomba sisi tunaopiga picha za tawi tueleze jambo lililobishaniwa katika mikutano miwili, yaani ununuzi wa mkoba wa begani wa kuchukulia lenzi za kamera. Ndugu mmoja aliuliza, na kuuliza ni haki yake, "Kamera ipo, lenzi zipo, mkoba wa nini tena? Michango yetu itakwisha kwa mapambo?" Ndugu mwingine akasema, kama ni kununua, basi ununuliwe ule mkubwa na mzuri kupita yote, ili chama kisidharauliwe.

Wote wawili wastahili kujibiwa, maana fedha ni zao. Jibu letu kwa ufupi ni hili: mkoba si pambo, wala si heshima. Ni chombo cha kazi kama nyundo na taa. Na chombo cha kazi huchaguliwa kwa kuitazama kazi yenyewe, na kuutazama mwili wa mtu atakayekichukua. Mengine yote tutakayosema yatoka katika neno hilo moja.

KWA NINI TUNA LENZI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Wajumbe wetu huingia humo wakaketi na wakubwa. Mjumbe aingiaye na maneno matupu hutoka na maneno matupu. Mahali fulani, ambapo hatutapataja, tuliambiwa kwamba kidato cha behewa ni kizima, na kwamba mtu aliyeteleza aliteleza kwa uzembe wake. Mjumbe wetu hakugombana. Alitoa picha akaiweka mezani, na ufa wa kidato ulionekana toka mwanzo hadi mwisho. Kidato kilitengenezwa kabla ya juma kwisha.

Wengine husema simu yatosha. Kweli, simu yatosha kwa kitu kilicho karibu. Lakini sisi watu wa reli hatuna ruhusa ya kusimama po pote tupendapo. Mtu akitaka kuonyesha taruma lililooza upande wa pili wa njia, au bati lililolegea juu ya paa la karakana, lenzi ndefu humwezesha kusimama mahali pa salama na kuleta kitu karibu. Lenzi pana nayo humwezesha kupiga picha ya chumba kidogo ambamo watu 6 hulala mahali pa watu 2. Kwa hiyo lenzi si anasa. Lakini lenzi ni kioo, na kioo chataka nyumba.

HESABU UZITO KWANZA

Tulifundishwa shuleni kwamba mtu atakaye kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu. Basi na tuhesabu. Tuchukue mfano wa vyombo ambavyo wapiga picha wengi wa magazeti wamevitumia. Kamera ya Canon 5D Mark IV pamoja na betri yake ni gramu 890. Lenzi ya milimita 24 hadi 70 yenye uwazi wa 2.8, ile ya toleo la pili, ni gramu 805. Lenzi ndefu ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi huo huo, toleo la tatu, ni gramu 1,480. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye uwazi wa 1.8 ni gramu 160. Jumla ni gramu 3,335. Hapo hatujahesabu betri ya akiba, chupa ya maji, daftari, wala mkoba wenyewe. Na iko mikoba ambayo hupita kilo moja ikiwa mitupu.

Mtu aweza kucheka. Atasema sisi tumezoea kuinua vyuma, kilo 4 au 5 ni nini? Tena atasema kwamba Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo Na. 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiasi cha juu cha mzigo wa mwanamume mzima. Ni kweli. Lakini mzigo wa kilo 55 huinuliwa, hupelekwa, hutuliwa. Mkoba wa begani hautuliwi. Hukaa upande mmoja toka asubuhi hadi jioni, na mwili huinama upande wa pili ili usianguke. Bega hupanda, shingo hukaza, kiuno huuma, na mtu asipoangalia huzoea kutembea kombo. Wapiga picha wa kazi wauliza sana juu ya maumivu hayo, na wengi wao hawana tajiri wa kuwalipia dawa.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mkoba gani?" Swali la kwanza ni "leo twakwenda kufanya nini?" Kama ni mkutano wa ndani, lenzi ndefu na ikae nyumbani, mzigo utashuka toka gramu 3,335 hadi 1,855. Hakuna mkoba duniani, hata uwe wa bei gani, utakaopunguza uzito kama kuacha nyumbani kile kisichohitajiwa.

Iko njia nyingine tena. Canon walitengeneza lenzi ya milimita 55 hadi 250 yenye gramu 375 tu, karibu robo ya ile nzito. Ila kila nafuu ina gharama yake. Lenzi hiyo ni kwa kamera zao za kitambuzi kidogo, haikutengenezwa kwa zile kubwa. Tena ikivutwa mbele uwazi wake hufika 5.6, na uwazi wa 5.6 huingiza robo tu ya nuru inayoingizwa na uwazi wa 2.8. Nje juani si kitu. Lakini ndani ya karakana yenye giza, picha ya mtu anayetembea itatoka na ukungu. Basi anayenunua na ajue ananunua nini na anaacha nini.

MKANDA

Ukiisha kujua mzigo wako, tazama mkanda kabla ya kutazama mfuko. Mkanda mwembamba hukata bega kama kamba ya ndoo. Upana wa vidole vitatu au vinne ni mzuri, nao usiwe wa kuteleza. Uwe mrefu kiasi cha kupitishwa kichwani, ukae bega la kulia na mkoba ukae upande wa kushoto, au kinyume chake. Mkoba uliopita kifuani hauanguki mtu akiinama, wala mwizi hauchomoi kwa urahisi. Badilisha bega kila saa.

Tena geuza mkoba uone mkanda umeshonwa wapi. Mkanda ulioshonwa vidole viwili tu juu ya ukingo siku moja utang'oka, na utang'oka siku mkoba umejaa. Mkanda bora ni ule unaozunguka chini ya mkoba wote, ukaubeba kama mama abebavyo mtoto kwa kanga. Kulabu ziwe za chuma; za plastiki huvunjika.

Hapa twapenda mjue habari moja. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, jina lake Jim Domke, alichoshwa na mikoba iliyokuwapo. Akachora mkoba wake mwenyewe wa turubai laini, usio na kuta ngumu, wenye mkanda uzungukao mkoba mzima. Wenzake wakauona wakautaka, na mpaka leo mikoba ya jina lake huuzwa. Kule Uingereza nako, Billingham walianza mwaka 1973 kwa kushona mikoba ya wavuvi wa samaki. Baadaye wapiga picha wakaona kwamba mkoba uwezao kustahimili mvua ya mtoni waweza kutunza lenzi pia. Fundisho ni nini? Mkoba mzuri ulichorwa na mtu aliyeumwa na bega. Yeye ndiye mwenye kujua. Ofisi yo yote inunuayo vyombo bila kumwuliza mfanya kazi hutupa fedha.

NDANI YA MKOBA

Chukua rula. Ile lenzi ndefu tuliyoitaja ina urefu wa milimita 199 na upana wa milimita 89, bila kuhesabu kofia yake ya jua. Mkoba ambao kina chake ndani ni sentimita 18 hautaisimamisha; itabidi ilale, na ikilala hula nafasi ya lenzi mbili. Kwa mzigo huo tafuta kina cha sentimita 22 au zaidi. Kama huna lenzi ndefu, usinunue kina hicho, maana lenzi fupi zitazama chini kama viazi ndani ya gunia, nawe utazitafuta kwa vidole huku jambo la kupigwa picha limekwisha kupita.

Kila lenzi na iwe na chumba chake, na kati ya vyumba pawe na ukuta wa sponji. Vioo viwili havipaswi kugusana. Chini ya mkoba pawe na sponji nene kuliko ya pembeni, kwa kuwa mkoba hutuliwa mara nyingi juu ya zege na kokoto. Rangi ya ndani iwe nyeupe au ya kijivu au ya manjano. Ndani ya mkoba mweusi kifuniko cheusi hakionekani.

Pia jaribu kuufungua kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili umeshika kamera. Kifuniko kifunguke kuelekea mbele, si kuelekea tumboni. Na usikilize sauti yake. Kile kitambaa cha kunata hulia kama nguo ipasukayo. Katika mkutano wenye majonzi, au mbele ya hakimu, sauti hiyo ni fedheha. Hakikisha pana bizimu au kifungo kingine cha kimya.

VUMBI, MVUA NA JASHO LA KIOO

Nchi yetu ina maadui watatu wa lenzi, nao wote wako njiani kati ya Nairobi na Mombasa.

Wa kwanza ni vumbi. Mliofanya kazi Voi na Mtito Andei mwalijua lile vumbi jekundu. Huingia hata ndani ya saa ya mkono. Mkoba ulio wazi juu kwa ajili ya uzuri haufai huko. Tafuta kifuniko kinachoshuka pande zote na masikio yake pembeni. Kila jioni toa kila kitu, ugeuze mkoba juu chini, uukung'ute. Vumbi lililo ndani ya mkoba ni baya kuliko lililo nje, kwa maana husugua kioo siku nzima.

Wa pili ni mvua. Turubai nzito huzuia mvua kwa muda, lakini ikiisha kulowa huwa nzito na hukawia kukauka. Nailoni ni nyepesi na hukauka upesi, lakini maji hupita kwenye mishono na zipu. Hakuna kitambaa kisicho na kasoro. Kwa hiyo weka ndani mfuko mkubwa wa plastiki uliokunjwa, au kipande cha turubai jepesi cha kufunika mkoba wote. Mvua ya masika haingoji mtu afike stesheni.

Wa tatu ni joto na unyevu, na huyu wengi hawamjui. Tangu mwaka 2017 magari ya reli mpya huenda kati ya Syokimau na Miritini, na mabehewa yake hupozwa kwa mitambo. Mtu akishuka Miritini akatoa lenzi baridi katika hewa ya moto yenye maji mengi, kioo hutoka jasho papo hapo, kama chupa ya soda. Jasho likiingia ndani ya lenzi ni kazi ya fundi kulitoa. Dawa haina gharama: acha mkoba umefungwa nusu saa au zaidi mpaka lenzi zipate joto polepole. Hapa sponji ya mkoba hufanya kazi ya blanketi, yaani huzuia badiliko la ghafula.

Lakini rafiki huyo wa njiani ni adui nyumbani. Sponji na turubai hushika unyevu. Lenzi ikiachwa ndani ya mkoba majuma mengi huko Pwani huota kuvu. Kuvu huenea juu ya kioo kama nyuzi za buibui, hula utando uliopakwa juu yake, na hata ikisafishwa huenda alama isitoke tena. Kwa hiyo mkoba ni wa safari, si wa kulalia. Nyumbani weka lenzi katika sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, pamoja na vile vifuko vya chembe za silika vinavyokutwa ndani ya masanduku ya viatu vipya. Vifuko hivyo vikijaa unyevu havifanyi kazi tena, hivyo vibadilishwe au vikaushwe kwa moto wa kiasi.

MKOBA NA MAISHA YA MTU

Ndugu, neno hili ndilo kubwa. Mkanda unaoning'inia ni hatari kwa mtu wa reli. Waweza kunasa kwenye mshikio wa breki, kwenye ngazi, kwenye kulabu. Mtu akinaswa na chombo kilicho kwenye mwendo, haulizwi kama lenzi ilikuwa ya bei gani.

Kwa hiyo: asiingie mtu ye yote kati ya mabehewa akiwa na mkoba. Asipande ngazi na mkoba begani. Apande kwanza mikono mitupu, kisha mwenzake ampe. Kipande cha mkanda kinachobaki baada ya kukaza kifungwe au kikatwe. Mkoba mzuri wa kazi yetu una mkanda wa pili wa kiunoni wa kuuzuia usiyumbe, lakini kifungo chake kiwe cha kufunguka kwa mkono mmoja mara moja. Na mkoba usiifunike fulana ya kung'aa. Dereva na aione.

Asiseme mtu kwamba kubeba kamera si kazi ya hatari. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, baba yake alikuwa mfanya kazi wa reli kama sisi. Picha alizozipiga Ethiopia mwaka 1984 zilionyesha ulimwengu njaa iliyokuwa ikiua watu. Mwezi wa Juni 1991, huko Addis Ababa, ghala ya silaha ililipuka. Yeye alipoteza mkono wa kushoto, na mwenzake John Mathai, aliyekuwa akishika sauti, alipoteza maisha. Wapiga picha ni wafanya kazi. Damu yao ni kama yetu.

WEZI NA MAJINA MAKUBWA

Kwa ndugu aliyetaka mkoba wa kupendeza twasema hivi: mkoba wenye jina kubwa lililoandikwa mbele humwambia mwizi, "Humu mna kamera." Mkoba wa chama na uonekane kama mkoba wa chakula cha mchana. Heshima ya chama iko katika picha, haiko katika mkoba.

NAMNA YA KUJARIBU NA NAMNA YA KUPATA

Msimamini muuza duka. Chukueni chupa 3 za maji za lita moja moja; kila lita ya maji ni kilo moja. Ongezeni chupa moja ya theluthi ya lita. Huo ndio karibu uzito wa vyombo tulivyotaja. Vitieni ndani ya mkoba, kisha yule atakayeuchukua atembee nusu saa, apande ngazi, ainame, apige mbio hatua kadhaa. Bega litasema kweli kuliko karatasi ya tangazo.

Na kama fedha hazitoshi, msivunjike moyo. Gikomba huuzwa mikoba mikuukuu yenye turubai nzuri. Mafundi wetu washonao maturubai wanaweza kutia mkanda mpya wa kuzunguka chini, na kushona kisanduku laini cha sponji cha kuingia ndani, chenye kuta za kuhamishwa. Siku ya picha kisanduku huingia. Siku nyingine hutoka, na mkoba hubeba makaratasi ya tawi. Namna hiyo fedha zetu hubaki kwa fundi ambaye naye ni mfanya kazi.

TUNAYOOMBA

Basi, Ndugu Mwenye Kiti, twaomba mkutano ukubali mambo manne. Kwanza, mkoba ununuliwe au ushonwe baada ya vyombo kupimwa kwa mizani na rula, na hesabu iandikwe katika daftari la tawi ili kila mwanachama aione. Pili, asinunue mtu ambaye hataubeba. Wanaopiga picha wauvae kwanza. Tatu, kila safari mpiga picha achague vyombo vya kazi ya siku hiyo tu, na safari ikiwa ndefu wawe watu wawili, wapokezane mzigo. Nne, mtu akiumia bega au mgongo kwa kazi ya chama, habari iandikwe kama ajali nyingine yo yote.

Sisi hudai kila siku kwamba tajiri asimpe mtu mzigo wa kumwumiza. Itakuwa aibu chama chenyewe kikimpa mwanachama wake mzigo huo kwa mkanda mbovu. Tuanze nyumbani kwetu.

Umoja ni nguvu.